Pikapu ya Shamba Yaingia Barabara Kuu

Mkulima wa Marekani aliyekwenda kununua pikapu mpya ya Chevrolet mwaka 1948 alikuwa na swali la kujibu kabla ya kutoa fedha zake: anataka giaboksi gani? Ilikuwapo ya gia tatu, ambayo mwaka huohuo wenzo wake ulikuwa umehamishwa kutoka sakafuni na kufungwa kwenye shina la usukani. Ilikuwapo pia ya gia nne, pande la chuma, wenzo wake mrefu ukiwa umechomoza sakafuni. Mwenye duka la mjini alichukua gia tatu. Mwenye ng'ombe, magogo na marobota ya majani makavu alichukua gia nne. Hakuna aliyemwuliza kama angependa kwenda kilomita 100 kwa saa kutwa nzima, kwa kuwa barabara za mwendo huo zilikuwa bado chache mno.

Pikapu hizo sasa zimepita miaka 70. Wanaozipenda wanalala mvunguni mwake, wanashusha giaboksi ya kiwandani na kupachika ya gari lililoundwa miongo mitatu au minne baadaye. Wapo wanaolaani kazi hiyo wakisema gari la kale linaharibiwa. Mimi nasema wanaolaani hawajaitazama historia yenyewe. Tangu zama za malori ya mwanzo, giaboksi imekuwa ikiifuata barabara, na mafundi wa mitaani wamekuwa wakiibadilisha kila barabara ilipowatangulia wenye viwanda.

Mpangilio tunaoujua leo, injini mbele, klachi nyuma yake, kisha giaboksi, halafu nguvu kwenda magurudumu ya nyuma, ulianzia Ufaransa kwa Émile Levassor na kampuni ya Panhard et Levassor mwaka 1891. Gia zake zilikuwa magurudumu ya meno yaliyotelezeshwa juu ya shafti hadi yakutane na wenzake. Zilipiga kelele na meno yalisagika, lakini gari lilipanda mlima. Mwisho wa mwaka 1898, Louis Renault alikuja na giaboksi ambayo katika gia yake ya juu nguvu ilipita moja kwa moja kutoka injini hadi propela, bila kuzunguka kwenye meno mengine. Usiku wa mkesha wa Krismasi alikipandisha kigari chake kwenye mtaa wa Lepic, kilima kikali cha Montmartre, Paris, na waliomwona wakaagiza magari palepale. Gia ya juu ya moja kwa moja, yaani 1 kwa 1, ilitawala malori madogo kwa zaidi ya miaka 80, na ndiyo kiini cha habari hii.

Giaboksi za zama hizo hazikuwa na msaada wowote ndani yake. Shafti mbili huzunguka kwa kasi tofauti, na dereva ndiye alitakiwa kuzilinganisha kwa sikio na mguu: anakanyaga klachi, anatoa gia, anaachia klachi, anapiga resi kidogo kama anarudi gia ya chini, anakanyaga klachi tena, ndipo anatia gia. Akikosea, meno yanalia. Madereva wa zamani wa malori ya Afrika Mashariki waliofunzwa kukanyaga klachi mara mbili wanaijua shule hiyo, na wengi wao hadi leo hawawezi kutia gia bila kuinua kichwa kidogo kusikiliza injini.

Henry Ford aliikwepa shule hiyo. Model T, iliyotoka mwaka 1908, ilikuwa na gia mbili tu za kwenda mbele, za sayari, zikiamrishwa kwa pedeli. Mtu ambaye hajawahi kuendesha chochote aliweza kujifunza kwa siku moja. Mwaka 1917 Ford akatoa lori la tani moja, Model TT, juu ya msingi huohuo. Hapo tatizo likajitokeza. Gia ya chini ilikuwa nzito mno kwa safari, ya juu ilikuwa nyepesi mno kwa mlima, na katikati yake hapakuwa na kitu.

Wenye malori hawakumsubiri Ford. Wakanunua giaboksi ya nyongeza ya Warford, iliyofungwa nyuma ya ile ya kiwandani, ikampa dereva ngazi za ziada juu na chini. Wengine walifunga ekseli ya Ruckstell yenye mwendo wa aina mbili, ambayo iliuzwa hata na mawakala wa Ford wenyewe. Kubadilisha giaboksi ya lori kuukuu, basi, hakukuanzishwa na watu wa starehe wa zama zetu. Ni kazi iliyofanywa miaka ya 1920 na watu waliokuwa na nafaka ya kufikisha sokoni.

Pamoja na faida hiyo ikaja hatari ambayo kila fundi angefaa kuikumbuka. Breki ya mguu ya Model T ilikuwa ndani ya giaboksi yake, haikuwa magurudumuni. Nguvu ya kusimamisha ilipita kwenye shafti ileile ya kuendesha. Dereva mwenye giaboksi ya nyongeza akikwama katikati ya gia mbili kwenye mteremko, magurudumu yalikuwa yamekatika kabisa na injini, na yamekatika vilevile na breki ya mguu. Kwa hiyo waliofunga Warford walishauriwa wafunge pia breki za nje kwenye magurudumu ya nyuma. Tangu hapo fundi makini anajua kuwa giaboksi haibadilishwi peke yake. Ukiigusa, lazima ujue ni kitu gani kingine kilikuwa kinaitegemea.

Msaada uliosubiriwa na madereva ulitoka kwa Earl A. Thompson, mhandisi wa Oregon. Alibuni namna ya kulinganisha kasi za shafti kabla meno hayajakutana, kwa koni zinazosuguana kwanza na kuvutana hadi zizunguke pamoja. Cadillac ikaiingiza sinkro hiyo katika magari yake ya mwaka 1929. Katika malori ilichelewa. Dereva wa lori alihesabiwa kuwa mtu wa kazi aliyefunzwa, na kiwanda hakikuona haja ya kumrahisishia.

Wakati huohuo wenzo wa gia ulikuwa safarini. Mwishoni mwa miaka ya 1930 watengenezaji wa Marekani walianza kuutoa sakafuni na kuuweka kwenye shina la usukani, na kufikia mwaka 1940 mtindo huo ulikuwa umeenea karibu kote. Sababu ni nyepesi kueleweka: kiti cha mbele cha gari la Kimarekani kilikuwa benchi la watu watatu, na aliyekaa katikati alipanda na wenzo magotini. Chevrolet ilipozindua malori yake mapya ya Advance-Design katikati ya mwaka 1947, ilitangaza nafasi ya watu watatu kabinini. Mwaka uliofuata wenzo wa gia tatu ukapanda usukanini.

Uhamisho huo ulikuwa na gharama yake. Kutoka mkononi mwa dereva hadi giaboksini kulikuwa na fimbo mbili ndefu, vikono na bushi. Bushi zikichakaa, vikono viwili husimama mahali pasipolingana, na gia mbili hukwama kwa pamoja au zote hugoma. Dereva hushuka katikati ya barabara, hufunua boneti, na kuvirudisha vikono kwa mkono wake. Mabadiliko ya kwanza ambayo watu wengi walizifanyia pikapu hizi hayakugusa hata jino moja la gia. Walirudisha wenzo sakafuni. George Hurst wa Pennsylvania alijenga jina lake tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kutengeneza nyenzo imara za namna hiyo, na watu walizifunga kwenye giaboksi zilezile za gia tatu. Naona ilikuwa busara. Kama kinachosumbua ni fimbo na bushi, hakuna haja ya kutupa giaboksi nzima.

Ile ya gia nne, iliyokuja mwaka 1948 na inayoitwa SM420, inastahili heshima ya pekee. Gia yake ya kwanza ina uwiano wa 7.05 kwa 1: injini inazunguka mara saba na ushee ndipo shafti ya nyuma izunguke mara moja. Ukizidisha kwa difu ya 4.57 ya pikapu ya robo tatu ya tani, injini inazunguka zaidi ya mara 32 kwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Ikiwa kwenye mwendo wa kungurumia tu, gari linakwenda chini ya kilomita 3 kwa saa, pungufu ya mwendo wa mtu anayetembea. Mkulima aliweza kuliacha litambae shambani huku wenzake wakipakia majani kutoka pande zote. Ubavuni giaboksi hiyo ina kidirisha cha boliti cha kutolea nguvu ya kuendeshea winchi au pampu. Chevrolet iliendelea kuitumia hadi mwaka 1967, ikafuatiwa na SM465. Ford na Dodge nao walikuwa na giaboksi zao za aina hiyo, ikiwamo NP435 ya New Process Gear ya Syracuse, New York.

Lakini ukiwa njiani na gari halina mzigo, gia ile ya kwanza haina kazi. Dereva huanza na ya pili, na giaboksi ya gia nne inageuka kuwa ya gia tatu. Na gia yake ya mwisho ni ileile ya Renault, 1 kwa 1, sawa kabisa na ya mwisho kwenye giaboksi ya usukanini. Hakuna kati ya hizo mbili inayompa dereva wa barabara kuu nafuu yoyote.

Hesabu yake iko wazi. Pikapu ya nusu tani ya miaka hiyo ilikuwa na difu ya 4.11. Kwa tairi la kipenyo cha sentimita 71 hivi, mwendo wa kilomita 97 kwa saa unaitaka injini izunguke karibu mara 3,000 kwa dakika. Injini yenyewe, ile ya silinda sita ya inchi za ujazo 216, ilifikia nguvu zake zote za farasi 90 ikiwa kwenye mizunguko 3,300. Tena fito zake za pistoni hazikulishwa oli kwa shinikizo kamili: zilichota na kurushiwa oli kwa vijiko vilivyokuwa chini yake, na beringi zake zilikuwa za madini laini yaliyomiminwa. Injini hiyo hudumu sana kwa mwendo wa wastani. Kuishikilia kwenye mizunguko 3,000 saa nzima ni kuitafutia kifo.

Mwaka 1950 hapakuwa na sababu kubwa ya kuishikilia hivyo. Sababu ilikuja tarehe 29 Juni 1956, Rais Dwight Eisenhower alipotia saini sheria ya kujenga mtandao wa barabara kuu wa maili 41,000, karibu kilomita 66,000. Barabara pana, zisizo na makutano, zisizo na sababu ya kupunguza mwendo, zikapita kando ya mashamba yaleyale. Pikapu ya mwaka 1950 ikawa mzee anayesukumwa na vijana. Mwenyewe alibaki kwenye njia ya kulia, injini ikilia, akitafuta gia ya nne au ya tano ambayo haikuwapo.

Gia hiyo ilikuja kwa njia ya petroli. Baada ya mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973, Marekani iliweka kikomo cha maili 55, kilomita 88, kwa saa nchi nzima, kisha ikawabana watengenezaji juu ya ulaji wa mafuta. Njia moja ya kupunguza ulaji ni kuipumzisha injini katika mwendo wa juu, yaani kuipa gia ambayo propela inazunguka haraka kuliko injini yenyewe. Mwaka 1982 Borg-Warner ilitoa T-5, giaboksi nyepesi ya gia tano yenye ganda la aluminiamu. Iliingia kwenye magari ya AMC, Ford Mustang, Chevrolet Camaro, na pikapu ndogo ya Chevrolet S-10. Biashara hiyo baadaye ilinunuliwa na Tremec ya Querétaro, Meksiko.

Ni ile ya S-10 iliyowapa wenye pikapu za kale walichokitafuta. Mahali pa wenzo ndipo penye siri. Katika giaboksi ya Camaro wenzo uko nyuma kabisa, na ganda lenyewe limelazwa upande. Ukiifunga kwenye pikapu ya mwaka 1950, wenzo unatokea chini ya benchi la kukalia. Katika ile ya S-10 wenzo umesogezwa mbele, na unachomoza mbele ya benchi, mahali ambapo mkono unautarajia. Gia ya kwanza katika baadhi ya matoleo yake ni zaidi kidogo ya 4 kwa 1, ilhali ya usukanini ilikuwa 2.94, hivyo gari linaondoka kwa wepesi zaidi kuliko zamani. Na uwiano wa gia ya tano ukiwa 0.76, ile mizunguko 3,000 inashuka hadi karibu 2,280. Injini ya 216 inarudi kwenye mwendo iliyoundwa kwa ajili yake.

Kazi yenyewe ina mtego mmoja mkubwa. Hadi Chevrolet ilipotoa malori yake mapya mwezi Machi 1955, propela ya pikapu ya nusu tani ilikuwa ndani ya bomba lililofungwa moja kwa moja kwenye ekseli ya nyuma na kwenye mkia wa giaboksi. Bomba hilo halikuwa kifuniko tu. Msukumo wote wa magurudumu ulipita humo kwenda mbele. Ndilo lililolisukuma gari. T-5 haina pa kulipokelea. Kwa hiyo anayeitaka gia ya tano lazima atoe bomba, kisha atoe ekseli nzima, atafute ya mwaka 1955 au ya baadaye yenye propela ya wazi, aifunge kwenye springi ili sasa springi ndizo zibebe msukumo, na achongeshe propela ya urefu mpya. Aliyedhani anabadilisha giaboksi kwa wikendi moja hujikuta amebeba nusu ya gari. Pikapu za robo tatu ya tani na tani moja zilikuwa na propela ya wazi tangu mwanzo, na wenye nazo wamepona kazi hiyo.

Mafundi wazuri hujitahidi kuibakiza hauzingi ya klachi ya asili. Ndiyo inayobeba injini kwa nyuma, ndiyo inayoshika stata, na pedeli ya klachi inafanya kazi kupitia humo. Ikibaki, vyote hivyo vinabaki mahali pake. T-5 hufungwa nyuma yake baada ya kulinganisha tundu la katikati na kola ya beringi ya mbele, kwa sababu giaboksi isiyokaa katikati sawasawa hula beringi na kutoka kwenye gia yenyewe. Pleti ya klachi hubadilishwa ilingane na meno ya shafti mpya. Chini ya giaboksi hufungwa mhimili wa kuishikilia, kwa kuwa ile fupi ya kale ilining'inia kwenye hauzingi peke yake. Katika sakafu kuna bamba linalofunguka kwa skrubu. Wenzo hupitia hapo, na aliye mwangalifu hutengeneza bamba jingine na kulihifadhi lile la asili bila kulitoboa.

Anayebaki na SM420 naye ana wajibu. Sinkro za giaboksi hizo ni za mchanganyiko wa shaba, na oli za difu za kisasa za daraja la GL-5 zina viungo vya salfa vinavyoweza kuila. Oli ya GL-4 ndiyo inayofaa. Giaboksi nyingi zilizosemwa kuwa zimekufa zilihitaji oli sahihi, beringi na sili mpya tu.

Habari hii haiko mbali na kwetu kama inavyoonekana. Lori la kwanza la Toyota, G1 la mwaka 1935, lilitumia injini ya Type A iliyonakiliwa kutoka injini ya silinda sita ya Chevrolet, na ukoo huo unaonekana hadi kwenye injini ya F iliyoendesha Land Cruiser za mwanzo ambazo Tanzania, Kenya na Kongo wanazifahamu vizuri. Land Cruiser FJ40 za mwanzo zilikuwa na gia tatu na wenzo usukanini, na kulalamikiwa kwake kulikuwa kulekule. Huko Marekani wenye nazo walifunga SM420 ya Chevrolet ili wapate gia yake ya kutambalia kwenye mawe. Hivyo giaboksi moja, iliyoonekana kuwa nzito na ya polepole kwa mwenye pikapu aliyeitoa, ilichukuliwa kwa furaha na mwenye Land Cruiser. Kila mmoja alikuwa na barabara yake.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaotaka kila pikapu ya kale ibaki ilivyotoka kiwandani. Gari lisiloweza kuingia barabarani pamoja na mengine huishia kusimama bandani, na gari linalosimama huoza. Wala siwaungi mkono wanaokata fremu kwa moto ili giaboksi ya kigeni iingie upesi, kwa sababu boliti hurudi nyuma lakini mkato haurudi. Kama unayo pikapu ya namna hii, amua kwanza itapita barabara gani. Ikiwa ni ya shambani, iache na SM420 yake. Ikiwa ni ya safari, ipe gia ya tano, funga kwa boliti, na giaboksi, bomba na ekseli ulivyovitoa vipake oli, vifunge vizuri na uviweke pamoja na hati za gari, ili atakayelirithi awe na uwezo wa kuchagua kama ulivyochagua wewe.